Nta Ndani ya Mshipa

Mizinga ya Chrispin ina majina. Upo unaoitwa Jirani, kwa sababu uko karibu na njia na kila mpita njia anajua habari zake. Upo Shangazi, wenye asali nyingi na makelele mengi. Halafu upo Mkwe, juu ya mninga mrefu kuliko miti yote ya pori lile la kusini mwa Itigi. Mkwe uliitwa hivyo kwa kuwa ukiuendea lazima uende na heshima zako, usivae ovyo wala kusema ovyo, na hata ukitendewa vibaya unashuka kimya.

Mkwe ndio mzinga wake wa kwanza. Aliutundika akiwa na miaka ishirini na miwili, alipotoka kwao Ikungi kuja kupakia mizigo relini. Siku moja aliona watu wakitokea porini na ndoo za asali, wamevimba nyuso na wanacheka, na jioni ile ile akaiaga reli. Sasa ana miaka hamsini na tisa, na katika muda wote huo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuupanda mninga ule. Anayepanda ni yeye. Chini husimama Miraji, rafiki yake wa tangu siku za magunia, ameshika kamba.

Katika kazi hii, aliye juu na aliye chini hawalingani. Aliye juu ndiye anayekata sega la kwanza na kuling'ata huko huko kwenye matawi, asali ikimtiririka kidevuni. Aliye chini hushika kamba, hutazama juu mpaka shingo ikakakamaa, na husubiri kushushiwa. Miraji hajawahi kuona haya kwa hilo.

"Mimi nimepewa miguu ya kutembelea ardhi," husema. "Kule juu kuna wenyewe, wana mikia."

Lakini kwa Chrispin, kushika kamba ni kazi ya mtu aliyekwisha. Hakuwahi kulisema kwa sauti, ila mkewe Febronia analijua, Miraji analijua, na nadhani hata nyuki wanalijua.

Mwezi wa nne mwaka huu Mkwe ulipasuka. Mvua na jua la miaka thelathini na saba vilikuwa vimemaliza gogo lake, na nyuki walikwisha kuhama. Chrispin alipanda kuushusha. Alipofika katikati, kwenye panda ya kwanza ya mninga, kifua kilimbana kama mtu amemfunga mkanda na anaendelea kuuvuta. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Alikumbatia mti akapumua polepole, mkanda ukalegea, akashuka.

"Kamba ni mbovu," alisema.

Miraji aliitazama kamba. Ilikuwa mpya, aliinunua yeye mwenyewe Manyoni wiki iliyopita, na alimbishia sana muuzaji. Akamtazama rafiki yake, aliyekuwa na jasho jembamba usoni na midomo iliyopauka.

"Kamba mbovu," Miraji alirudia. "Sawa. Twende tukamwambie Mama Hana kwamba kamba ni mbovu, tuone atasema nini."

Mama Hana, yaani Febronia, hakusema neno kuhusu kamba. Alikwenda kuita bodaboda.

Pale kituo cha afya palikuwa na daktari anayeitwa Loyce, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alimpima Chrispin presha, akamsikiliza moyo, akamuuliza maswali mengi kuhusu ule mkanda wa kifuani. Kisha akampa maagizo mawili. La kwanza, aende mjini Singida kupimwa moyo kwa mashine. La pili, kesho kutwa arudi asubuhi na mapema kutolewa damu, ili wajue ina mafuta kiasi gani, na tangu jioni ya kabla yake asile kitu.

"Na kupanda miti?" Chrispin aliuliza.

"Kupanda miti, hapana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Basi hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo hadi leo linasimuliwa Itigi.

Kwao Chrispin, mtu anayetarajia kutoka damu hutangulizwa mchuzi. Kijana wa kutahiriwa hutangulizwa mchuzi. Mama wa kujifungua hutangulizwa mchuzi. Damu itakayomwagika inawekewa akiba kabla, maana ukingoja imwagike ndipo uirudishe, umechelewa. Hiki si chakula hata kidogo, ni maandalizi. Na nesi wa pale kituoni alikuwa ametaja vichupa vitatu vya damu!

"Vitatu?" Febronia alishika kiuno. "Baba Hana, na huo mwili wako wa sasa?"

Alfajiri ya siku ya kutolewa damu Chrispin alitangulizwa kama bwana harusi. Febronia alikuwa amepata mkia wa kondoo, ile mikia mipana yenye mafuta matupu, akauchemsha mpaka ukayeyuka, akatia samli vijiko viwili na chumvi. Chrispin alimaliza bakuli la kwanza. Akamaliza na la pili. Akafuta midomo, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kituoni hali anajisikia mtu wa miaka thelathini.

Maabara ilikuwa na binti anayeitwa Ritha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Umekula chochote tangu jana jioni?"

"Sijala," Chrispin alijibu, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Ritha akamtoa damu, akaiweka kwenye mashine inayozungusha vichupa mpaka damu inajitenga, ile nzito ikashuka chini na maji yake yakabaki juu. Kwa watu wengi maji hayo huwa ya manjano na yanapitisha mwanga, kama mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri. Mashine iliposimama, Ritha alitoa kichupa, akakiinua dirishani, akakishusha, akakiinua tena. Kisha akatoka nacho hadi kwenye benchi walikokaa wagonjwa.

"Mzee Chrispin," alisema taratibu, "mbona damu yako ina maziwa?"

Benchi zima liligeuka. Juu ya ile damu nyekundu palikaa kitu cheupe, kizito, kama kimekamuliwa asubuhi hiyo. Bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni akajivuta pembeni. Chrispin aliinuka kukitazama kichupa kwa karibu. Aliwahi kusikia habari za sukari na presha. Za mtu kuwa na maziwa mwilini hakuwahi.

"Mzee wangu," Ritha aliuliza tena, sasa kwa sauti ya chini, "hukula kitu kabisa? Hata kidogo?"

"Kula sijala. Nimetanguliza mchuzi tu."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa mkia wa kondoo."

"Kiasi gani?"

Chrispin alionyesha kwa mikono miwili ukubwa wa bakuli. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akainua vidole viwili.

Ritha alijaribu kujizuia. Alishika ukuta. Kicheko kikamshinda, benchi nalo likapasuka, na yule bibi akacheka mpaka mtoto akaamka. Daktari Loyce alitoka chumbani kwake kuuliza nani amefariki au nani amezaliwa. Alipoonyeshwa kichupa alikitazama kwa muda, akasema, "Huyu ni kondoo wa saa kumi na moja. Bado yuko njiani, hajafika anakokwenda. Mzee, nenda nyumbani. Rudi keshokutwa, na usitangulizwe kitu chochote zaidi ya maji."

Safari ya pili Febronia hakuaminiwa. Miraji ndiye aliyepewa kazi ya ulinzi, na alikuja tangu jioni na mkeka wake.

"Mimi nafunga mwezi mzima kila mwaka," alisema, akitandika mlangoni mwa jiko. "Wewe mzee wa kanisa mfungo wa mara moja tu umekushinda, umeingia hospitali na kondoo tumboni."

"Funga mdomo, shehe wangu."

"Nimefunga. Wewe ndiye unayetakiwa kufunga."

Safari hii maji ya damu yalitoka ya manjano, yanapitisha mwanga, na Chrispin akapumua. Akadhani mambo yamekwisha. Lakini Daktari Loyce alimwita ndani akiwa na karatasi, na Febronia na Miraji wakaingia nyuma yake bila kualikwa.

"Maziwa yameondoka," alisema daktari, "ila lehemu, yaani yale mafuta ambayo mwili wenyewe hutengeneza na kuyatembeza kwenye damu, iko juu. Iko juu sana. Na nimeona majibu ya moyo uliopimwa ulipokwenda mjini Singida. Walikutembeza juu ya mashine umefungwa nyaya kifuani, sivyo? Moyo wenyewe bado mzuri. Mishipa inayoulisha ndiyo imeanza kuwa myembamba."

"Yameganda," Chrispin alisema. "Kama kwenye sufuria."

"Watu wote husema hivyo, lakini sivyo. Mwili una joto, hayagandi. Ingekuwa kuganda tu, ungekunywa chai ya moto ukapona." Daktari alichukua kalamu, akachora mistari miwili nyuma ya karatasi. "Huu ni mshipa. Hapa katikati damu inapita. Mafuta yanasafiri humo yakiwa kwenye vifuko vidogo sana. Vifuko vikizidi, vingine vinapenya chini ya ngozi laini ya ndani ya mshipa na kukwama. Vikikaa, vinachacha. Ukuta unashtuka. Unaotesha vindoano upande wa damu, vidogo kuliko unavyoweza kufikiri."

"Vindoano vya nini?" Febronia aliuliza.

"Vya kuwashika askari. Kwenye damu kuna chembe nyeupe, ndizo zinazotulinda na maradhi. Siku zote zinapita zikienda zao, ukuta hauzihusu. Vindoano vikitokea, chembe inashikwa kidogo, inabiringika ukutani, inapunguza mwendo, inasimama, kisha inajipenyeza ndani. Inakuta mafuta yaliyochacha. Inaanza kuyala ili isafishe. Inakula mpaka inavimba, haiwezi tena kutoka, na huku inaita wenzake. Hapo ndipo ukuta unapojaa na njia inapungua. Tena damu ikiwa na mafuta mengi, hata hao askari wenyewe wanabadilika, wanakuwa wepesi wa kunata."

Miraji alimtazama rafiki yake kwa wasiwasi, maana alikuwa amekazia macho ile michoro kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kisha Chrispin akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa mwili mzima.

"Daktari," alisema, "huo ni mzinga."

"Mzinga?"

"Sikiliza. Mimi nikichonga mzinga mpya, msafi, nikautundika hivi hivi, nyuki watapita juu yake mwaka mzima. Kundi zima linapita, wala haligeuki. Humo watakaa mijusi. Basi nafanyaje? Nachukua nta ya zamani, naipasha kwenye makaa, napaka ndani na pale mlangoni. Kwanza anakuja nyuki mmoja. Anagusa, anateleza, anazunguka mlangoni, anasimama, anaingia. Anakwenda kuita wenzake. Kesho yake kundi limetua, na likishatua, halitoki." Akagonga kwa kidole mistari miwili ya daktari. "Nyuki hawana kosa. Wao ni wapita njia. Mwenye makosa ni aliyepaka nta."

Daktari Loyce aliweka kalamu chini. Alikuwa amesomea mambo haya miaka mingi, na ameyaeleza kwa mifano ya mabomba, ya mifereji, ya barabara, na kila mara watu waliitikia kwa kichwa na kwenda zao bila kuelewa.

"Rudia tena," alisema. "Polepole." Na akaandika.

Alipomaliza kuandika aliuliza, "Na mzinga usiopakwa nta?"

"Nyuki wanapita."

"Basi tiba yako ndiyo hiyo. Hatutawafukuza nyuki, maana bila hao utakufa kwa kidonda kidogo tu. Tutaacha kupaka nta. Utameza kidonge hiki kila jioni, kinaliambia ini lipunguze kutengeneza. Utatembea kila siku. Tumbaku uache, maana nayo inaukwaruza ukuta. Na mkia wa kondoo…"

"Nimeelewa kuhusu mkia," Chrispin alisema haraka.

"Tofauti ni moja tu na mizinga yako," aliongeza daktari. "Huku wakijaa, hakuna asali ya kurina."

"Na kupanda?"

"Miezi sita. Nikiona karatasi nzuri, na mashine ya mjini ikikubali, nitakuambia."

Miezi sita ilitosha kabisa mtu kugeuka mshika kamba. Miraji alishauri wamtafute kijana wa kupanda kwa muda, Chrispin akakataa, wakagombana nusu siku, wakapatana juu ya kikombe cha chai. Mizinga ya chini waliirina wenyewe. Gogo jipya la Mkwe lilichongwa, likakaa uani limefunikwa turubai, na kila asubuhi Chrispin alilipita akienda kutembea. Zamani alikwenda porini kwa bodaboda. Sasa alikwenda kwa miguu, na madereva walikuwa wakipunguza mwendo ubavuni mwake.

"Mzee, panda, leo nakupa lifti!"

"Nenda zako. Unataka kuniua kwa huruma?"

Febronia alibadili jiko. Ugali wa mtama, mlenda, maharage, kuku asiye na ngozi. Sherehe za mfungo huo zilikuwa nyingi kupita kiasi, maana ukiwa huli mkia wa kondoo ndipo kila mtu anapochinja. Kwenye ubatizo wa mjukuu wa jirani, sahani yenye mkia iliwekwa mbele yake kwa heshima ya umri wake. Watu wakangoja. Chrispin aliitazama, akameza mate ambayo kila mtu aliyaona, akasema, "Ahsanteni sana. Ila mimi siku hizi sipaki nta."

Ilibidi aeleze. Aliposimulia habari za vindoano na askari wanaokula mpaka wakashindwa kutoka, sahani ilizunguka meza nzima na ikarudi karibu ilivyokuwa. Tangu hapo neno likashika. Sokoni utasikia mama akimwambia mumewe aliyeongeza sahani ya tatu ya chipsi, "Baba fulani, unapaka nta." Ritha alilisikia kutoka kwa wagonjwa watatu tofauti kwa siku moja, wote hawamjui Chrispin.

Mwezi wa kumi, mininga ikiwa imeanza maua kabla ya mvua, Chrispin alitolewa damu tena. Ritha alimwacha akae ndani, jambo ambalo kwa kawaida haruhusu. Mashine ikazunguka, ikalia, ikasimama. Binti akatoa kichupa na kukiinua dirishani, na jua la asubuhi likapita ndani yake likatokea upande wa pili, likaanguka kwenye shati la Chrispin kama doa dogo la dhahabu.

"Alizeti," Ritha alisema. "Iliyochujwa mara mbili."

Karatasi nayo ilikuwa nzuri. Mashine ya mjini ilikubali: walimtembeza na nyaya zake mpaka aliyekuwa akimwangalia akachoka. Daktari Loyce aliyasoma majibu yote mawili bila kuharakisha, huku Chrispin amekaa pembeni ya kiti, mikono katikati ya magoti.

"Uvimbe wa zamani hauondoki wote," alisema. "Lakini ukuta umetulia. Panda. Vaa mkanda wa usalama, pumzika kila panda, na kifua kikibana hata kidogo unashuka. Na usiniambie habari za kamba." Halafu akaongeza, kana kwamba anaomba kitu kidogo, "Lini? Nataka kuona hiyo nta."

Walikwenda Jumamosi, wanne, daktari akiwa amevaa buti za shemeji yake. Chini ya mninga Chrispin aliwasha makaa, akapasha nta, akaipaka ndani ya gogo jipya kwa kiganja, akizungusha mkono polepole kama anayepaka mtoto mafuta. Harufu ikajaa, tamu na ya zamani. Kisha akajifunga mkanda, akagusa mti mara moja, akapanda.

Febronia hakutazama. Alihesabu panda kwa kusikiliza miguu. Ya kwanza, ile ya mwezi wa nne: miguu ikasimama. Ikakaa. Miraji alikaza kamba mpaka mishipa ya mikono ikasimama, wala hakutania. Juu, Chrispin aliweka shavu kwenye gome na kukisikiliza kifua chake jinsi ambavyo husikiliza mzinga kabla ya kuufungua. Kilikuwa kinapiga kwa nguvu, sawasawa, bila mkanda wowote. Akacheka peke yake, akaendelea. Panda ya pili. Ya tatu. Gogo likapanda nyuma yake kwa kamba, likiyumba, na baada ya muda Mkwe mpya ukakaa mahali pa Mkwe wa zamani, ukafungwa, ukatulia.

Hawakungoja sana. Nyuki mmoja alitokea kwenye maua, akapita, akarudi. Akagusa mlango wa mzinga, akateleza, akazunguka, akasimama. Daktari Loyce alikuwa amefungua mdomo.

"Anabiringika," alinong'ona. "Mama Hana, mwangalie. Anabiringika kabisa kama tulivyosomeshwa."

Nyuki akaingia ndani.

Miraji hakuwa na habari na nyuki. Shingo imemkakamaa, macho yamejaa machozi ya kutazama jua, alipaza sauti mpaka ndege wakaruka.

"We mzee! Kamba ikoje?"

Juu kabisa, katikati ya maua, Chrispin alikaa kwenye tawi, miguu ikining'inia kama ya mvulana, akajaza mapafu hewa yote yaliyoweza kubeba.

"Nzima!" alijibu. "Kamba ni nzima!"